Chokaa ya Tambuu na Bahari ya Tabora

Mara ya kwanza kuiona bahari kwa macho yangu, nilikuwa nimeshaitunza kwa miaka tisa.

Chekeni tu. Hata wavuvi wa Dar es Salaam walicheka. Nilishuka kwenye treni asubuhi nikiwa na kapu moja, na ndani ya kapu, kimeviringishwa kwenye kipande cha kanga, kilikuwamo kipimo cha maziwa. Ni kile kijiti cha kioo chenye tumbo. Unakitumbukiza kwenye ndoo, kinaelea, na pale kinaposimama ndipo panapokuambia kama muuza maziwa ni mwaminifu au ametia maji. Nilikwenda moja kwa moja hadi ufukweni, nikachota maji kwenye kopo, nikayaacha kivulini mpaka yakatulia, nikatumbukiza kipimo changu.

"Mama," mvuvi mmoja akaniambia, "hayo si maziwa."

"Najua. Naangalia kama mmetia maji."

Kipimo kikayumba, kikasimama. Shingoni mwake kilikuwa na alama nyekundu ya rangi ya kucha, niliyoichora mwenyewe Tabora miaka tisa nyuma. Maji yakaigusa alama ile sawasawa, si juu, si chini. Nilicheka peke yangu hadi machozi yakanitoka. Miaka yote ile nilikuwa nimesimamia bahari nyingine, ya urefu wa mikono miwili, kwenye sebule ya nyumba moja mjini Tabora, mahali ambapo treni ya kutoka pwani hufika baada ya siku nzima na usiku wake. Na ile yangu ilikuwa sawa na hii ya Mungu. Nilijivuna, na sioni haya kusema kwamba bado najivuna.

Ndiyo maana nawaandikia ninyi vijana mnaofuga samaki wa baharini majumbani. Wajukuu zangu wamenionyesha kwenye simu: taa za buluu, vichupa vya kupimia, mashine inayodondosha dawa yenyewe huku mwenye nyumba amelala. Vizuri sana. Ila msidhani kazi hiyo ilianza na ninyi. Mimi niliifanya kwa kibuyu, manjano ya jikoni na chokaa ya tambuu, na matumbawe yangu yalikua.

Naitwa Nyamizi. Nilizaliwa Ntalikwa kwa wakulima Wamoraviani, nikaja mjini Uhuru ukiwa bado unanukia rangi mpya. Nilipata kazi ya kufua nguo kwa Bwana Karimbhai, Mhindi aliyeuza vitambaa. Alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye miwani mizito, asiyeweza kumpita hata mdudu bila kuinama kumtazama. Lakini sauti ya nyumba ile ilikuwa ya mama yake, Bi Sakina. Huyo alizaliwa Unguja, akaletwa Tabora akiwa bibi harusi, na hakuwahi kuisamehe Tabora kwa kukosa bahari. Alikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, kisanduku cha tambuu mapajani, akitafuna na kulalamikia vumbi letu kana kwamba sisi ndio tulioliagiza.

Nadhani kwa sehemu ilikuwa kwa ajili yake. Bwana Karimbhai alisoma kwenye gazeti moja la kigeni kwamba mtu anaweza kuweka matumbawe hai nyumbani, bila mitambo mikubwa, akiwa na mawe ya baharini, jua la dirishani na pampu ndogo ya hewa. Akaagiza vioo, fundi akamtengenezea fremu ya mninga, maana chuma na maji ya chumvi havipatani, na viungo vikazibwa kwa lami. Maji na matumbawe vililetwa kwa treni kwenye behewa la gadi, ndani ya damejani, zile chupa kubwa zilizosukiwa ukili kwa nje ili zisivunjike. Siku damejani ya kwanza ilipofunguliwa, Bi Sakina alisimama kutoka kitini bila kusaidiwa. Alinusa. Kisha akaketi tena, akafunika uso kwa mtandio.

Siku hiyohiyo Bwana Karimbhai alitumbukiza kipimo cha maziwa kwenye maji yale, akaniita nichore alama pale kilipohitajika kusimama siku zote. Hivyo ndivyo nilivyoanza, na rangi ya kucha ilitoka dukani kwake.

Wengi wenu mnadhani matumbawe ni mawe. Ni wanyama. Ni vijinyama vidogo kuliko punje ya mtama, vinavyokaa pamoja kwa maelfu na kujijengea nyumba ya jiwe. Mchana vingine vinajikunja, vingine vinachanua, na ukivitazama kwa utulivu utaona jiwe lina manyoya laini yanayopepea. Nilikuwa nikipita na beseni la nguo nasimama. Nguo zikachelewa kukauka, Bi Sakina akagomba, na mwishowe Bwana Karimbhai akasema, "Mwacheni Nyamizi atazame maji. Kufua tutapata mtu mwingine." Na kweli, akaajiriwa mtu mwingine.

Kosa langu la kwanza lilikuja upesi. Tabora ni kavu, mnajua, na kiangazi kikikolea maji kwenye kile kioo yalikuwa yanashuka vidole viwili kwa wiki. Mimi nikaona maji ya chumvi yamepungua, nikaongeza maji ya chumvi kutoka kwenye damejani ya akiba. Yakishuka tena, naongeza tena. Nilijiona hodari. Baada ya mwezi kipimo kilikuwa kimepanda, alama yangu ikiwa juu ya maji, na samaki wawili wenye mistari walikuwa wanahema juu juu. Walikufa siku moja, mmoja asubuhi, mwingine adhuhuri.

Bi Sakina aliniita kitini pake. "Nyamizi, mchuzi ukiukausha sana jikoni unakuwaje?"

"Unazidi chumvi, bibi."

"Na ukitaka kuurudisha unatia nini?"

"Maji."

"Maji gani? Ya chumvi?"

Hapo nikaelewa. Jua linaondoka na maji, chumvi linatuachia, na kila mpishi analijua hilo. Tangu siku ile nilikuwa naongeza maji matamu peke yake, tena ya mvua, yaliyokingwa kwenye mtungi baada ya mvua kuosha bati. Maji ya chumvi ni ya kubadilishia, si ya kujazia. Andikeni hilo mahali mtakapoliona.

Kuna mengine niliyojifunza kwa kuungua. Usitie mkono ukiwa na sabuni, mafuta wala sigara. Usipulize dawa ya mbu kwenye chumba hicho. Sufuria ya shaba isikaribie kabisa. Umeme ukikatika, na ulikuwa unakatika, chukua kata, chota maji na kuyamwaga kutoka juu yaingie hewa. Mimi nimewahi kuchota na kumwaga kuanzia saa nne asubuhi hadi alasiri, bega likavimba. Mwezi wa sita na wa saba, baridi yetu ikishika, zungushia blanketi pande tatu na uache upande wa dirisha. Na chakula kidogo. Dagaa wa Kigoma aliyesagwa, kidogo tu kinachookotwa kwa ncha za vidole viwili. Kisicholiwa kinaoza, na kikioza kinawalisha ninyi majuto.

Sasa niwaambie habari ya Mzee Mihambo.

Wakati huo tulikuwa tumeingia kwenye siasa ya Ujamaa. Kila mtu aliulizwa kazi yake, na swali halikuwa la mchezo. Mzee Mihambo alikuwa fundi baiskeli na balozi wetu wa nyumba kumi kule Chemchem nilikopanga chumba. Alikuwa mtu mnyofu, asiyekula cha mtu na asiyependa kudanganywa. Asubuhi moja alinikuta bombani nikiwa na akina mama wenzangu, daftari mkononi, penseli sikioni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti wa Ntalikwa. Kazi?"

"Natunza bahari."

Bomba zima likaangua kicheko. Mmoja alikaa chini kabisa. Mzee Mihambo yeye hakucheka, akanitazama kama anayetazama mnyororo uliochomoka.

"Nyamizi, daftari hili linakwenda juu. Humu nina mkulima, nina mfanyakazi, nina mwanafunzi. Bahari sina pa kuiweka. Si ulikuwa unafua wewe?"

"Nilikuwa. Kufua sasa kuna mtu mwingine."

"Kwa hiyo unamtazamia Mhindi samaki wake."

"Siyo samaki tu, mzee. Ni matumbawe. Yako hai, yanakula, yanakua."

"Mawe yanakua?"

"Yanakua."

Alifikiri. Kisha akaliandika jina langu, na mbele ya jina akaacha nafasi tupu. "Mvua zikiisha nitakuja kuyaona mawe yanayokua. Nikikuta yamekua, nitaandika. Nikikuta mawe ni mawe, kaka yako na wenzake wameshahamia kijiji cha ujamaa na wanahitaji mikono. Jembe lako lipo, mayu." Ndivyo tunavyosema mama kwa Kinyamwezi.

Msinielewe vibaya. Jembe silidharau, limenilea. Lakini nilikuwa nimepata kitu ninachokijua kuliko mtu yeyote kati ya Kigoma na Dodoma, na kuambiwa mbele ya watu kwamba si kazi kuliniuma sana. Nilitembea hadi mjini. Nilipofika nilichukua uzi wa pamba mweupe, usiotiwa rangi kwa sababu rangi ni sumu, nikaufunga kwenye tawi moja la tumbawe, mahali penye nyama hai. Nikajiambia, Mzee Mihambo akija, uzi huu ndio utakaonitetea.

Wiki ile ile Bwana Karimbhai akapelekwa Dar es Salaam kufanyiwa upasuaji wa macho. Aliposimama mlangoni na sanduku lake alinishika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Nyamizi," akasema, "macho yangu nakuachia wewe."

Halafu mvua zikaja, na zilikuja kwa hasira. Reli ikasombwa na maji huko kati yetu na pwani. Upande wa Kigoma treni ziliendelea, upande wa Dar es Salaam kimya. Damejani hazikuja wiki ya kwanza, wala ya pili, wala mwezi uliofuata. Bwana Karimbhai naye akakwama hukohuko.

Mwanzoni sikuogopa. Nilipunguza chakula, nikajazia maji ya mvua, na mvua sasa hatukuikosa. Kipimo kilisimama kwenye alama kila siku. Lakini matumbawe yakaanza kujikunja. Rangi yao ya kahawia ikapauka, ncha za matawi zikawa butu, na ule uzi wangu ulibaki ulivyo, mweupe, tawi halijaufunika hata kidogo. Kipimo kilisema sawa, matumbawe yalisema hapana. Hakuna kitu kinachochosha akili kama hicho.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo ni Mnyamwezi tu angelifanya. Sisi kwa chumvi ya Uvinza, kule njia ya Kigoma, hatuambiliki. Babu zetu waliibeba vichwani na mabegani, wakaoshea kinywa, wakaoana kwayo, na mama yangu akiletewa chumvi ya dukani aliiita mchanga. Nikasema, kama ninachokosa ni maji ya chumvi, chumvi bora kuliko zote iko hapa, na treni ya upande huo inatembea. Nikaiyeyusha kwenye maji ya mvua, nikapima na kipimo mpaka alama ikakaa, nikatoa damejani moja ya maji ya zamani na kumimina yangu mapya. Nilikuwa naimba nikifanya hivyo.

Kesho yake hakuna tumbawe hata moja lililochanua. Yote yalijifunga kama ngumi.

Bi Sakina akaomba kijiko cha maji niliyotengeneza. Akaonja, akatema kwenye leso. "Hii chumvi tupu," akasema. "Bahari ina uchungu, mwanangu. Ina vitu vingi mle. Wewe umewapa wali mkavu bila mchuzi." Niliyatoa maji yale kikombe baada ya kikombe, nikarudisha ya zamani niliyokuwa bado sijayamwaga, nashukuru Mungu. Siku tatu sikulala vizuri wala sikula vizuri. Niliona lile daftari na nafasi yake tupu kila nilipofumba macho.

Reli ilikuwa imekata na kitu kingine. Majani ya tambuu yalikuwa yanatoka pwani. Baada ya wiki zote hizo bila jani, Bi Sakina hakuwa mtu wa kukaa naye chumba kimoja. Aligomba na paka, akagomba na mlango.

"Popoo ninayo, chokaa ninayo, jani sina!" alisema akifungua na kufunga kisanduku chake. "Nitafune chokaa tupu? Na chokaa yenyewe nzuri hivi, ya kwetu, ya matumbawe."

Nilikuwa nimesimama mbele ya kioo, kata mkononi. "Ya nini, bibi?"

"Ya matumbawe. Kwani wewe unadhani chokaa inatoka wapi? Kwetu wanapanga magogo, juu yake wanarundika matumbawe, wanatia moto, yanawaka kutwa kucha. Yakishapoa unayamwagia maji, yanachemka yenyewe na kuvunjika unga. Hiyo ndiyo chokaa. Ya kujengea nyumba na ya kulia tambuu."

"Ina maana miaka yote hii ulikuwa unatafuna matumbawe?"

Alikitazama kisanduku. "Sijawahi kufikiri hivyo," akasema polepole, kisha akacheka kwa mara ya kwanza tangu reli ikatike, akacheka mpaka akakohoa.

Mimi sikucheka. Kichwa changu kilikuwa kwenye banda la kuku la mama yangu. Kuku anayetaga, akikosa cha kutengenezea ganda, hudonoa chokaa ukutani. Kama tumbawe likichomwa linakuwa chokaa, basi tumbawe hai linajijenga kwa chokaa, na linaitoa wapi kama si majini? Baharini haiishi. Kwenye kile kioo yalikuwa yameimaliza, na kila damejani iliyokuja ilikuwa inawaletea nyingine kidogo bila sisi kujua. Kipimo cha maziwa hakikuweza kuniambia, kwa sababu kinajua uzito tu.

"Bibi," nikamwambia, "nipe chokaa yako."

Akakikumbatia kisanduku. "Yote?"

"Kijiko kwa kijiko."

"Nyamizi, ukiniulia bahari yangu kwa chokaa yangu mwenyewe, sitakusamehe." Lakini alinipa.

Siku ya kwanza nikaharibu, sitawaficha. Niliikoroga kwenye maji ya mvua na kuimimina ikiwa nyeupe kama uji. Maji yote yakafanya ukungu, samaki wakakimbilia juu, na kamba mmoja mdogo niliyempenda akafa. Nilikaa chini nikijiuliza nitajuaje kiasi. Jibu lilikuwa kwenye beseni. Mtu yeyote aliyefua nguo za nyumba yenye mchuzi wa manjano anajua hili: doa la manjano likikutana na sabuni linageuka jekundu, na ukisuuza linarudi njano. Nikatia tone la chokaa kwenye doa, likageuka vilevile. Basi nikapaka manjano kwenye vitambaa vyeupe vya pamba, nikavikausha, nikavikata vipande vya upana wa kidole. Nikichovya kitambaa kwenye maji kikabaki njano, salama. Kikianza kuonyesha wekundu pembeni, nimezidisha, naacha mpaka kesho. Kufua kwangu kote hakukuwa bure.

Sikilizeni namna ya kufanya, maana hii ndiyo mali yangu. Kijiko cha chokaa kwenye damejani ya maji ya mvua, tikisa, ziba, acha itulie tangu asubuhi mpaka asubuhi. Tope jeupe linakaa chini, nalo liache hapohapo. Juu kunafanya utando kama wa maziwa, nao usiusumbue. Unachotaka ni maji ya katikati, maangavu kabisa. Hayo nilikuwa nayatia kwenye kibuyu kilichoning'inizwa juu ya kioo, kitako chake kimetobolewa tundu la kuingia unyasi mmoja. Tone moja, nahesabu mpaka tano, tone jingine. Na ni alfajiri, kabla jua halijagusa dirisha. Niligundua kwa vitambaa vyangu kwamba asubuhi maji yanapokea chokaa bila kinyongo, lakini alasiri tone dogo tu linaleta wekundu. Kwa nini, sikujua. Nilijua tu kwamba ni hivyo, na niliamka kabla ya jogoo wa Chemchem kwa miezi yote ile, nikipita mtaa wa Isevya giza likiwa linaondoka, wachuuzi wakianza kufungua vibanda na kuniuliza naenda wapi mapema hivyo. Kudondosha chokaa, niliwajibu, na wakaacha kuuliza.

Siku ya nane tumbawe moja lilichanua. Siku ya kumi na mbili yalichanua yote. Nilimwita Bi Sakina, tukasimama pamoja, yeye akiwa ameegemea bega langu.

Mvua ziliisha. Mzee Mihambo akaja kama alivyoahidi, daftari kwapani, kofia mkononi. Bwana Karimbhai alikuwa bado hajarudi, kwa hiyo nilimpokea mimi. Nilijua lililomo kwenye kioo lakini sikujua lililomo kichwani mwake.

Alisimama mbele ya kile kioo muda mrefu. Samaki wa manjano akaja kumtazama. Mzee akanyoosha kidole kutaka kukichovya.

"Hapana!" nikamkemea, na mimi mwenyewe nikashtuka. "Samahani, mzee. Mkono wako una grisi ya baiskeli. Nawa kwanza, bila sabuni."

Balozi wa nyumba kumi akaenda kunawa. Aliporudi nilimpa maji kidogo kwenye kijiko. Akaonja, uso ukakunjamana.

"Ina uchungu."

"Ndiyo yenyewe."

"Babu yangu alikwenda pwani kwa miguu," akasema, macho yakiwa kwenye kioo. "Mzigo begani, kutoka hapa mpaka kule. Aliporudi, hadi anakufa, hakuna mtu aliyezungumza kabla yake kwenye kikao. Sisi ambao hatukufika alituita watoto, hata mimi nikiwa na ndevu. Sijafika bado, Nyamizi. Umri wote huu." Kisha akainamisha kichwa mbele ya kile kioo, akasema kwa heshima kabisa, "Shikamoo, bahari."

"Marahaba, mwanangu," sauti ikamjibu kutoka dirishani. Bi Sakina hakugeuka hata kidogo. Hakukuwa na mwingine chumbani mwenye haki ya kuitikia.

Mzee Mihambo akakohoa, akavaa ubalozi wake tena. "Haya. Nionyeshe hilo jiwe linalokua."

"Siku ile ulipoondoka bombani nilifunga uzi hapa."

Aliinama, akatafuta. "Uzi siuoni."

"Ziko ncha mbili zinachungulia. Uliobaki umemezwa. Tawi limekua likaupita."

Aliuona. Alitazama ncha zile mbili, akazunguka upande wa pili, akarudi. "Unawapa nini?"

"Chokaa na maji ya mvua, tone kwa tone."

"Mvua isipokuja?"

"Nitakuwa hatarini, mzee. Nategemea mvua."

"Unaamka saa ngapi?"

"Kabla ya jua. Kila siku, na Jumapili."

"Ukilala?"

"Wanakufa."

Alivuta kiti, akaketi bila kukaribishwa, akalamba ncha ya penseli. "Unalisha kitu kinakua, unategemea mvua, unaamka kabla ya jua. Mbona ulinisumbua na habari za bahari siku ile mbele ya watu? Ungesema tu." Na mbele ya jina langu akaandika, kwa herufi kubwa za fundi baiskeli: MKULIMA.

Reli ilipotengenezwa Bwana Karimbhai alirudi na miwani mipya, akagusisha pua kwenye kioo, akavua miwani kuifuta mara tatu. Miaka ilipokwenda, familia ile ikahamia Dar es Salaam, na mimi ndiye niliyesafiri na matumbawe kwenye behewa la gadi kuyarudisha yalikotoka. Nikayakabidhi stesheni, nikaenda ufukweni na kapu langu, ndipo nikakuta wale wavuvi na maji yao yaliyolingana sawa na yangu.

Lakini neno la Mzee Mihambo halikuniacha. Kila karatasi iliyofuata ilinakiliwa kutoka kwenye iliyotangulia, na zote zinasema mkulima, ingawa tangu siku ile sijalima hata tuta moja la viazi. Juzi nilikwenda ofisini kufuatilia kitambulisho kipya. Binti aliyekaa kwenye kompyuta akaniamkia vizuri, akasoma, akauliza, "Bibi, mkulima wa zao gani? Tumbaku? Mahindi? Hapa panataka zao."

"Matumbawe," nikamwambia.

Vidole vyake vikasimama. "Yanaandikwaje, bibi?"

Nikavuta kiti karibu, nikamtajia herufi moja moja, taratibu, mpaka akalimaliza neno.